Safura si Safraa: Majina ya Maradhi, Viungo na Dawa baina ya Pwani na Bara Arabu

Kwa msomaji wa Kiarabu, neno safura halina ugeni. Ni safraa, nyongo ya manjano, ambayo matabibu wa kale waliihesabu kuwa ni moja katika michanganyiko minne ya mwili. Kwa mzee wa Unguja au Pemba, safura ni jambo jengine kabisa: ni kupungukiwa na damu, uso kupauka, mwili kuvimba na nguvu kukatika, maradhi yaletwayo na minyoo waingiao kwa nyayo tupu na kufyonza damu ndani ya matumbo. Neno ni moja na asili yake ni moja, lakini lilipovuka bahari lilishika kazi nyengine. Mwarabu akilisikia hufikiria ini, na Mswahili hufikiria damu.

Katika makala haya tunakusudia kuyafuata baadhi ya maneno ya namna hiyo, majina ya maradhi, ya viungo na ya dawa, ambayo wazee wetu waliyatumia Pwani na ambayo jamaa zetu waliotawanyika Oman, Ghuba, Uingereza na kwengineko bado wanayatumia majumbani. Hatukusudii kutoa kamusi. Tunataka kuonesha kuwa kila neno katika haya ni waraka wa historia, na kwamba mtindo ulioingia katika baadhi ya majumba yetu, wa kuwasahihisha wazee kwa kipimo cha Kiarabu cha vitabuni, hufuta waraka huo. Na ubaya wake haukomei kwenye historia, kwani mbele ya daktari sahihisho kama hilo laweza kumdhuru mgonjwa.

Elimu iliyokuja na kaskazi

Waarabu waliipokea tiba ya Wayunani kwa njia ya tarjuma. Huko Baghdad, katika karne ya 9, Hunayn bin Is-haq, aliyefariki mwaka 873, alivitarjumu vitabu vya Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinus. Karne ya 11 Ibn Sina akaikusanya elimu hiyo na kuipanga katika Al-Qanun fi al-Tibb. Msingi wake ni kwamba mwili una michanganyiko minne: damu, balghamu, safraa na saudaa. Kila mmoja una sifa mbili katika sifa nne za joto, baridi, unyevu na ukavu. Damu ni ya moto na unyevu, balghamu ni ya baridi na unyevu, safraa ni ya moto na ukavu, na saudaa ni ya baridi na ukavu. Afya ni mizani iliyosimama sawa, na maradhi ni upande mmoja kuuzidi mwengine.

Oman haikuwa nje ya elimu hiyo. Abu Muhammad Abdullah al-Azdi, mzaliwa wa Suhar, aliandika katika karne ya 11 Kitab al-Maa, kitabu cha tiba kilichopangwa kwa mpangilio wa herufi. Rustaq nayo ilimtoa tabibu Rashid bin Umaira, mtunzi wa Fakihat Ibn al-Sabil. Lakini wengi waliokuja Pwani na upepo wa kaskazi hawakuwa matabibu. Walikuwa mabaharia, wafanyabiashara, walimu wa vyuo, na baadaye wenye mashamba ya mikarafuu. Hawakubeba kitabu kizima. Walibeba maneno ya tiba ya kila siku, yale ambayo mtu humwambia mkewe usiku anapoumwa. Na maneno hayo waliyatia katika lugha ambayo tayari ilikuwa na matabibu wake, dawa zake na majina yake ya mwili.

Tazama baridi yabisi. Kwa Kiarabu ni baarid yaabis, yaani "baridi kavu", na katika vitabu vya kale hilo si jina la maradhi bali ni sifa: ndiyo tabia ya saudaa, na ndiyo tabia ya mwili wa mtu mzima uliokwishapoa na kukauka. Pwani sifa hiyo ikawa jina la maumivu ya viungo yanayowashika wazee. Daktari wa Kiarabu wa leo husema rumatizm, kama asemavyo mwenzake wa London. Bibi wa Kiunguja ndiye aliyebaki na msamiati wa Ibn Sina mdomoni, bila ya kusoma hata ukurasa mmoja wa Al-Qanun.

Elimu hiyo hiyo imo jikoni. Mzazi aliyejifungua hunyweshwa uji wa pilipili manga, hukandwa kwa maji ya moto na hukatazwa vitu vya baridi mpaka arubaini yake ishe. Mwanamke anayemtunza pengine hakuwahi kulisikia jina la Jalinus, lakini anajua kuwa kuzaa humtoa mtu damu, na damu ni joto, basi lazima joto lirudishwe. Tendo hilo lina sababu yake, na sababu hiyo ina historia ndefu.

Maneno mengine yalibadilika zaidi. Harara kwa Kiarabu ni joto, na leo katika nchi za Ghuba mtu akisema mtoto ana harara, maana yake ana homa. Kwa Kiswahili harara ni vipele vya joto vinavyotoka shingoni na mgongoni, na kwa upande wa tabia ni ukali wa mtu mwepesi wa hasira. Rutuba kwa Kiarabu ni unyevu, na mkaazi wa Muscat hulitaja neno hilo kila siku za kiangazi, hewa inapokuwa nzito. Mswahili alilipeleka shamba, na ardhi yenye rutuba ni ardhi inayotoa mazao. Tabia, ambayo katika tiba ni maumbile ya mwili, kwetu ikawa mwenendo wa mtu, ingawa bado twasema tabia ya nchi kwa hali ya hewa yake, na hapo maana ya zamani inachungulia.

Turudi kwa safura. Kwa nini neno hili lilihama? Sisi tunaona sababu mbili. Ya kwanza ni rangi: asili ya safraa ni manjano, na mgonjwa aliyefyonzwa damu na minyoo hupauka mpaka akaelekea umanjano. Ya pili, na ndiyo kubwa zaidi, ni kuwa Kiswahili hakikuhitaji neno la nyongo. Nyongo kilikuwa nayo, neno lake la Kibantu, na kila aliyechinja kuku au mbuzi alijua ilipo na namna ya kuitoa isimwagike. Mgeni aliyekuta nafasi yake imekaliwa akatafuta nafasi nyengine. Basi aliyesema safura kwa maana ya upungufu wa damu hakukosea Kiarabu. Alikuwa anasema Kiswahili.

Mwili ulibaki na majina yake

Jambo hilo la nyongo latufikisha kwenye kanuni pana. Ukiyapanga maneno ya tiba katika makundi, utaona kuwa lugha haikukopa ovyo. Maneno ya elimu na ya kazi ya utabibu ni ya Kiarabu kwa wingi: tiba, tabibu, dawa, afya, maradhi, homa, hedhi, bawasiri, tauni. Lakini viungo vya mwili vilibaki na majina ya Kibantu: kichwa, jicho, sikio, kifua, tumbo, ini, figo, bandama, mapafu, goti, nyonga, uti wa mgongo. Mtu hufundishwa na mama yake jina la goti kabla hajafundishwa na mwalimu jina la homa.

Mipaka ya viungo hivyo nayo ni ya Kiswahili. Mkono huanzia begani ukaishia kwenye ncha za vidole, na mguu huanzia pajani mpaka unyayoni. Mshipa ni neno lenye kazi nyingi zaidi: ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na mtu akisema "ana mshipa" huenda akakusudia ngiri au busha. Kifua ni kiungo, lakini "mtoto ana kifua" maana yake anakohoa. Roho, neno la Kiarabu lililoingia kwa maana ya kiroho, kwetu lilipata pia mahali mwilini. Aliyekabwa roho amekabwa koo, na anayesema roho inamchafuka anataka kutapika. Moyo nao hauishii kwenye kile kiungo kinachodunda. "Moyo wanichafuka" ni kichefuchefu, na chembe cha moyo ni pale chini ya kidari, juu ya tumbo.

Na kuna neno ambalo hata wajukuu waliolelewa kwa Kiswahili huliteleza. Mzee wa Kiunguja anapokuwa mgonjwa hasemi "mimi mgonjwa". Husema "siwezi". Wakiulizwa habari za fulani, hujibu "hawezi", na akipona huambiwa hajambo. Kijana aliyezoea Kiingereza humuuliza babu: "Huwezi nini?" Hapo ndipo utakapojua kuwa lugha imebaki nyumbani lakini desturi yake imeanza kutoka.

Dukani kwa muuza dawa

Katika dawa mambo yaligeuka, kwa sababu dawa ni bidhaa, na bidhaa husafiri na jina lake. Sanamaki, majani ya kuendesha tumbo, ni sanaa makki, yaani sanaa ya Makka. Habbasoda ni habba saudaa, punje nyeusi. Ubani ni lubaan, na ule ulio bora hutoka Dhofar. Shabu ni shabb, lile jiwe jeupe la kukausha jeraha na kusafishia maji. Shubiri ni sabir, utomvu mchungu uliosifika kutoka Socotra, na uchungu wake umeingia katika lugha mpaka kila kilicho kichungu hufananishwa nao hata kwa asiyewahi kuionja.

Hata hivyo si kila bidhaa ilikubali jina la muuzaji. Kile Waarabu wakiitacho hiltiit, ile gundi yenye harufu kali ya kutuliza tumbo la mtoto, Mswahili alikiita mvuje. Kaafuur, ambayo imo katika vitabu vyote vya tiba vya Kiarabu, Unguja ikaitwa karafuu maiti. Jina hilo peke yake laeleza mambo mawili ya mji ule: kwamba kipimo cha kila kitu chenye harufu kilikuwa ni karafuu, na kwamba watu waliijua kaafuur zaidi pale walipokuwa wakimwosha maiti wao kuliko pale walipokuwa wakijitibu.

Mfano mwengine ni kazi ya kutoa damu. Siku hizi, Zanzibar na Muscat kote, watu husema hijama, na vijana hudhani kuwa ni jambo lililofika majuzi. Wazee waliita kuumika au kupiga chuku, na chuku ni ile pembe iliyobandikwa mwilini na kuvutwa hewa mpaka ngozi ikavimba. Kutokana na uvimbe huo tumepata usemi wa kupiga chuku kwa mtu anayelikuza jambo dogo likaonekana kubwa. Usemi unaendelea kuishi, lakini wasemao wengi hawajui tena kuwa wanamtaja mwumikaji na pembe yake. Hijama ni neno sahihi na tukufu, wala hatuna ugomvi nalo. Tunachosema ni kuwa likikaa mahali pa kuumika, mtu hupata dhana kuwa Pwani haikuwa na kazi hiyo mpaka ilipoletwa upya.

Maradhi yaliyopewa jina Pwani

Lau Kiswahili kingekuwa ni mkopaji tu, maradhi mapya yangelikuja na majina ya kigeni. Historia yaonesha vingine. Ndui, surua, kifafa, degedege, pepopunda, kichocho, matende, yote yana majina ya hapa hapa. Wageni waliofika Pwani na kupata homa kwa kubadilisha nchi waliambiwa wameshikwa na mkunguru, na kuwapo kwa neno hilo ni ushahidi wa jinsi mji ulivyozoea kupokea wageni na kuwauguza.

Kipindupindu ndicho kilichotia hofu kubwa zaidi katika karne ya 19. Tabibu James Christie, aliyefanya kazi Unguja wakati wa Sayyid Majid na Sayyid Barghash, alichapisha London mwaka 1876 kitabu kizima juu ya mikurupuko yake Afrika Mashariki: wa 1821, wa 1836 hadi 1837, wa 1858 hadi 1859, na ule aliouona mwenyewe wa 1869 hadi 1870. Kwa mikurupuko iliyotangulia, na kwa njia ambazo maradhi yalipita bara, alitegemea simulizi za wafanyabiashara na watu wa misafara. Elimu yake ilijengwa juu ya kumbukumbu za wenyeji, na kumbukumbu hizo zilihifadhiwa kwa Kiswahili na Kiarabu.

Christie huyo huyo aliandika mwaka 1872 juu ya homa nyengine, yenye vipele na maumivu makali ya viungo, iliyoenea Unguja mwaka 1870. Watu waliiita kidinga pepo, na wazee walimwambia kuwa waliwahi kuiona kabla, mwaka 1823, kwa jina hilo hilo. Kutokana na habari hiyo kumezuka rai kuwa neno dengi, ambalo dunia nzima hulitumia leo kwa homa ya mbu, lilitoka kwetu. Kwa rai hiyo, neno lilivuka pamoja na watu hadi visiwa vya Karibi, ambako homa ya namna hiyo ilienea mwaka 1827 na 1828, na huko likavaa sura ya Kihispania. Si wanazuoni wote wanaoikubali rai hiyo. Wako pia wanaoona, kwa vile maumivu ya viungo yalidumu mno, kuwa maradhi aliyoyaeleza Christie yalikuwa yale tuyaitayo leo chikungunya.

Na hapo pana somo jengine. Chikungunya mara nyingi huandikwa kuwa ni neno la Kiswahili. Silo. Ni la Kimakonde, na maana yake ni kile kinachompinda mtu, kwa jinsi mgonjwa anavyokunjama kwa maumivu. Lilichukuliwa kusini mwa Tanganyika wakati wa mkurupuko wa 1952 hadi 1953, na maradhi yakaelezwa katika majarida ya tiba mwaka 1955. Sisi tunaodai haki ya maneno yetu tusichukue ya jirani. Wamakonde ndio walioumwa na ndio walioita.

Maneno ya leo na wajibu wetu

Lugha haikuacha kufanya kazi hiyo. Maradhi ya upungufu wa kinga yalipothibitishwa Kagera mwaka 1983, watu wa huko waliyaita Juliana, kwa jina la aina ya nguo iliyokuwa ikiuzwa wakati ule. Baadaye Kiswahili kikaunda ukimwi kwa herufi za maneno yake chenyewe. Kisukari kimeundwa juu ya sukari. Saratani tumeipokea kwa Kiarabu, ambako ni kaa wa baharini, kwa kufuata Wayunani waliofananisha uvimbe na miguu ya kaa. Mswahili akisikia saratani hamwoni kaa, kwani kaa ana jina lake. Na aliye na shinikizo la damu husema ana presha, awe Wete, Muscat au London.

Baada ya 1964 jamaa wengi walitoka, na baada ya 1970 wengi wakaelekea Oman. Huko Kiswahili kilikaa bega kwa bega na Kiarabu kwa mara nyengine, lakini hali haikuwa ile ya zamani. Pwani, neno la Kiarabu lilikuwa mgeni ndani ya nyumba ya Kiswahili. Sasa mzungumzaji wa Kiswahili ndiye mgeni, na neno lake lenye sura ya Kiarabu husikika kama Kiarabu kibovu. Mjukuu aliyesoma huona haya, akamwambia bibi: "Si hivyo, bibi, safraa ni nyongo." Kwa kamusi amesema kweli, na kwa bibi amemfunga mdomo.

Fikiria sasa chumba cha daktari. Daktari ni Mhindi au Mwingereza, mgonjwa ni bibi wa miaka themanini, na mkalimani ni mjukuu. Bibi akisema mtoto ana harara, muuguzi wa Kiarabu ataleta kipimajoto badala ya kuangalia ngozi. Akisema ana safura, mkalimani atataja nyongo, na damu haitapimwa. Akisema chembe cha moyo chamuuma, mmoja atatarjumu moyo na mwengine atatarjumu tumbo. Wote wawili wamelazimika kuchagua, na kuchagua huko kwaweza kuwa hatari, kwa sababu maumivu ya pale huenda yakatoka tumboni na huenda yakatoka moyoni kweli. Salama ni kumwambia daktari mahali penyewe, kwa kidole, na kumpa maneno ya bibi kama yalivyo. Na yako mambo ambayo bibi hatayataja kabisa mbele ya mjukuu wa kiume. Atasema "huko chini" na kunyamaza. Basi mkalimani wake awe mwanamke.

Kwa hiyo tunawaomba jamaa wafanye kazi moja ambayo haihitaji fedha wala shahada. Kaeni na wazee wenu, muandike majina ya maradhi, ya viungo na ya dawa kama wanavyoyatamka, na pembeni ya kila neno muandike sentensi nzima waliyolitumia, mji waliolisikia, na mahali pa mwili wanapoponesha kidole. Msiyaulize maneno kwa orodha ya Kiarabu au ya Kiingereza, kwani mtaletewa majibu ya orodha. Ulizeni: mtoto akilia usiku mlikuwa mkisemaje? Mzazi alipewa nini? Homa ya kubadilisha nchi mliiitaje? Kamusi ya Johnson ya 1939, ambayo bado imo katika makabati ya baadhi yetu, imehifadhi mengi, lakini haikuingia katika kila nyumba, na yaliyosemwa ndani na wanawake ndiyo yaliyoipita zaidi.

Wako watakaosema kuwa maneno haya ni ya Waarabu, na wako watakaosema yatolewe katika Kiswahili kwa kuwa ni ya kigeni. Wote wawili wanasoma nusu ya waraka. Baridi yabisi ilitoka kwa matabibu wa Baghdad ikapata maana yake kwenye magoti ya wazee wa Pwani, na safura ilipoteza nyongo ikapata damu. Wenye kuyajua maneno hayo kwa ukamilifu wake leo ni watu wachache, wengi wao ni watu wazima, na baadhi yao wako vitandani. Wakiulizwa mwaka huu watajibu.